Kilichoangushwa na Kilichozikwa
Darsa juu ya mashine ya kutafutia madini, hukumu zake na adabu zake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Tumeulizwa juu ya jambo ambalo halikuwako zama za mashekhe wetu, nalo ni hii mashine ya kutafutia madini, ambayo vijana huiita ditekta. Muulizaji asema: Mtu akipita nayo pwani, au katika kiwanja cha mji, au katika magofu ya kale, ikalia, akachimba, akatoa pete au sarafu, je, alichokitoa ni chake? Na kule kuchimba kwenyewe kwafaa, au hakufai?

Twajibu kwa kusema: Mashine ni mpya, lakini suala ni kongwe. Kabla ya mashine watu waliokota kwa macho na kwa jembe, na wanazuoni wa Fiqhi wakaliwekea jambo hilo milango miwili katika vitabu vyao: mlango wa luqata, yaani kitu kilichoangushwa au kilichopotea, na mlango wa rikazi, yaani mali iliyozikwa na watu wa kale. Mwenye kuifahamu milango hii miwili, na akaijua sheria ya nchi anayokaa, hatababaika. Asiyeifahamu huenda akala haramu naye adhani amepata riziki.

Tumeligawa darsa hili mafungu matano, na twamuomba msomaji alisome kwa utulivu mpaka mwisho, kwa sababu fungu moja lategemea jingine.

FUNGU LA KWANZA: Mashine hii ni kitu gani

Mashine hii ni fimbo yenye duara la waya upande wa chini. Umeme upitao katika waya ule hufanya nguvu ya sumaku inayogeukageuka, na nguvu hiyo huingia ardhini. Ikikuta kitu cha dhahabu, au fedha, au shaba, au chuma, kitu kile nacho huzaa umeme mdogo ndani yake, na umeme ule huipelekea mashine jawabu, ikalia. Basi hapana uchawi ndani yake wala karama. Ni elimu tu. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alijaribu chombo cha namna hii kutafuta risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais wa Marekani, James Garfield, asiipate. Katika Vita Vikuu vya Pili ofisa wa Kipolandi, Józef Kosacki, alitengeneza chombo cha kutafutia mabomu yaliyotegwa ardhini, kikatumiwa na jeshi la Waingereza huko al-Alamein mwaka 1942. Baada ya vita watu wa Ulaya na Marekani wakaanza kuvitumia vyombo hivi kutafutia sarafu na mapambo.

Kwa hivyo mashine hii ni kama kisu. Kisu hakina hukumu peke yake; hukumu ni ya mkono ulioshika na ya kitu kinachokatwa. Kuwa nayo kwa asili ni halali.

Lakini yafaa mtu ajue mipaka yake. Sarafu ndogo huisikia ikiwa karibu na uso wa ardhi, kadiri ya shibiri moja au zaidi kidogo. Kizibo cha soda, msumari na pete vyote huweza kuiliza. Mchanga uliolowa maji ya chumvi huitatiza, ikalia pasipo kitu. Basi anayekuuzia mashine kwa kukuapia kwamba yaona sanduku la dhahabu lililo chini pima ishirini, huyo hakukuuzia mashine, amekuuzia uwongo.

Na karibu na huyu yuko mwengine aliye mbaya zaidi, naye ni yule asemaye kwamba hazina ina majini walioilinda, na kwamba haitoki mpaka ichinjwe mbuzi wa rangi fulani, kifukizwe na kutolewa fedha kadha wa kadha. Watu wameuza mashamba yao kwa maneno haya. Wengine, khasa ndugu zetu wa Tanzania, huletewa khabari za rupia za Mjerumani zilizofukiwa. Ni kweli kwamba Wajerumani walipiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 huko Tabora mwaka 1916, wakati wa vita. Lakini ukweli wa sarafu haumfanyi mwongo kuwa mkweli. Mganga ajuaye mahali pa dhahabu angeichimba yeye, asingehitaji mbuzi wako.

Na kubwa kuliko yote, msomaji wetu, ni hili: Mashine huonyesha madini, haimwonyeshi mwenyewe. Kumjua mwenyewe ni kazi ya elimu na ya dini, na hilo ndilo tunaloliendea.

FUNGU LA PILI: Ardhi ni ya nani

Kabla mtu hajauliza “nimepata nini?” sharti aulize “nimesimama wapi?” Kwani hukumu ya kitu hufuata hukumu ya mahali.

Watu wengi hudhani kwamba ardhi ya umma ni ardhi isiyo na mwenyewe. Hili ni kosa. Ardhi isiyo na mwenyewe ni ile ambayo wanazuoni huiita mawati, ardhi mfu, ambayo haikupata kulimwa wala kujengwa wala kuwa ya mtu. Ama pwani yetu, katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 62, imesema wazi kwamba ardhi yote iliyo baina ya alama ya maji makuu na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma, na kwamba imewekwa mikononi mwa serikali kuu kuwa amana kwa ajili ya wananchi wa Kenya. Litazame neno hilo “amana”. Anayefukua mchanga ule hafukui mahali patupu. Afukua amana ya watu wote, na yeye akiwa mmoja wao. Haki yake ya kupita, kukaa, kuogelea na kuvua haimpi haki ya kuharibu.

Kisha kuna mahali ambapo pana ulinzi wa pekee. Mbuga za baharini za Malindi na Watamu zimehifadhiwa tangu mwaka 1968, na mtu hana ruhusa ya kutoa vitu humo apendavyo. Mji wa kale wa Gede, ambao ulifukuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948, na ambao mwaka 2024 UNESCO imeuingiza katika orodha ya turathi za dunia, si mahali pa mtu kuingia na jembe lake. Ngome ya Mombasa ni vivyo hivyo, pamoja na bahari iliyo mbele yake, ambamo jahazi la Kireno, Santo António de Tanna, lilizama mwaka 1697 wakati ngome ilipozingirwa na Waomani. Viwanja na bustani za mji vina wasimamizi wake, nao ndio wa kuombwa ruhusa.

Ama ardhi ya wakfu, misikiti na makaburi, jambo lake ni zito zaidi. Wakfu umekwisha toka mikononi mwa wanadamu, wala msimamizi wake hana uwezo wa kumpa mtu ruhusa ya kuupekua kwa kutafuta mali. Na kaburi ni nyumba ya aliyemo. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja mfupa wa aliye hai. Makaburi yetu ya kale, yale yenye nguzo na yenye mabakuli ya kauri yaliyopachikwa ukutani, yamepekuliwa mara nyingi na watu wenye tamaa, na mabakuli yakang’olewa. Anayefanya hivi amekusanya maovu matatu: amemuudhi maiti, ameiba mali isiyo yake, na ameufuta ushahidi wa wazee wake.

FUNGU LA TATU: Kitu ni cha nani

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe. Kitokacho ardhini, ukiondoa madini ya asili ambayo yana mlango wake na sheria yake, hakikosi kuwa katika hali mbili: ama kimeangushwa na mtu wa zama zetu, ama kimeachwa na watu wa kale.

Hali ya kwanza: kilichoangushwa. Hii ni pete ya bibi arusi iliyomtoka akioga, saa ya mgeni, bangili ya mtoto, kidani, fedha za leo. Hizi zote ni luqata. Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya luqata ya dhahabu na fedha, akaamrisha kwamba mwenye kuokota akijue vizuri kile kilichotiwa mali hiyo na kamba iliyofungiwa, kisha aitangaze mwaka mzima, mwenyewe akija, apewe. Hadithi hii imepokewa na Zayd bin Khalid al-Juhani, na imo katika Sahihi mbili. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wakafafanua namna ya kutangaza: hapo mwanzo kila siku mara mbili, asubuhi na jioni, kisha kila siku mara moja, kisha kila wiki, kisha kila mwezi, mpaka mwaka uishe. Na mahali pa kutangaza ni masokoni, katika mikusanyiko, karibu na pale kilipookotwa, na milangoni mwa misikiti, wala si ndani ya msikiti, kwa sababu kunadi kilichopotea msikitini kumekatazwa.

Na katika kutangaza kuna hekima moja ambayo watu huisahau. Mtangazaji hutaja jinsi ya kitu, asitaje alama zake zote. Atasema, “Nani amepotewa na pete ya dhahabu katika pwani fulani?” lakini hatasema ina jiwe la rangi gani, wala jina gani limeandikwa ndani yake. Alama zile aziweke kifuani, ili ajaye kudai aulizwe yeye. Anayepiga picha ya pete pande zote na kuieneza kwa simu amewapa waongo funguo.

Kitu kidogo kisichotafutwa na mtu, kama sarafu moja ya shilingi, hakihitaji mwaka. Chatosha muda ambao mwenyewe angekifikiria. Ama kitu chenye thamani, mwaka ni mwaka. Mwaka ukiisha na mwenyewe hakuonekana, yule aliyeokota aweza kukimiliki, lakini kwa dhamana: mwenyewe akitokea baada ya hapo, hurudishiwa kitu chake, au thamani yake ikiwa kimekwisha tumika. Na aonaye kwamba nafsi yake haina uaminifu, basi asiokote, au akipeleke kituo cha polisi, apate stakabadhi, na dhima imtoke.

Na hukumu hii haitazami dini ya mwenye mali. Pwani yetu hujiwa na wageni wa kila taifa. Pete ya Mzungu aliyekuja kwa amani ina heshima ile ile ya pete ya jirani yako. Asemaye, “Huyu ni mtalii tajiri, hatajali,” amefungua mlango wa khiyana kwa ufunguo wa dharau.

Hali ya pili: kilichozikwa. Hapa ndipo watu wengi hukosea, tena wengine kwa nia njema. Wamesikia kwamba katika rikazi hutolewa khumsi, yaani sehemu moja ya tano, na zilizobaki ni za aliyepata. Basi mtu akichimba sarafu za kale husema: “Nimepata rikazi. Nitatoa moja ya tano, na nne ni zangu.” Twamwambia: Taratibu, ndugu yetu! Soma sharti zake.

Katika al-Minhaj cha Imamu Nawawi, kitabu kisomeshwacho katika vyuo vyetu, mambo haya yamepangwa vizuri. Rikazi ni mali iliyozikwa na watu wa kabla ya Uislamu. Ikiwa mali hiyo ni ya zama za Uislamu, na mwenyewe ajulikana, ni yake. Na asipojulikana, ni luqata. Ikiwa haijulikani ni ya zama gani, nayo vile vile ni luqata. Tena aliyepata haimiliki rikazi ila akiwa ameipata katika ardhi mfu, au katika ardhi aliyoihuisha yeye mwenyewe. Ama iliyopatikana msikitini au njiani, hiyo ni luqata kwa kauli iliyotegemewa. Na iliyopatikana katika milki ya mtu huanzwa kuulizwa mwenye milki.

Sasa zipimeni sarafu za pwani yetu kwa mizani hii. Sarafu za shaba za Kilwa zina majina ya masultani Waislamu, kama Ali bin al-Hasan. Huko Mtambwe Mkuu, katika kisiwa cha Pemba, mwaka 1984 zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2000 zenye majina ya watawala Waislamu, pamoja na dinari chache za dhahabu za Fatimiya, zote za zama za karne ya 11 au karibu nayo. Hizi si mali za Jahiliya! Ni mali za Waislamu, wazee wetu. Basi mwenye kuzikuta mfano wake na akatoa moja ya tano akadhani amejitakasa, hakujitakasa. Hakuingia katika mlango wa rikazi tangu mwanzo. Na wako katika wanazuoni waliosema kwamba mali ya namna hii, iliyozikwa kwa kusudi na mwenyewe akapotea, si ya kumilikiwa na aliyeipata hata baada ya mwaka, bali ni mali iliyopotea mwenyewe, nayo huhifadhiwa katika hazina ya umma. Kauli hii yatuelekeza moja kwa moja kwenye fungu linalofuata.

FUNGU LA NNE: Sheria ya nchi na sababu yake

Kenya ina sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006. Sheria hiyo yakihesabu kuwa cha kale kila kitu cha kuchukulika, isipokuwa vitabu na nyaraka, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Nayo yasema mambo matatu ambayo kila mwenye mashine apaswa kuyahifadhi.

La kwanza: hapana ruhusa kutafuta vitu vya kale vilivyofukiwa, kwa kuchimba au kwa kupekua juu ya ardhi, bila ya leseni, hata kama mahali pale si pahali palipohifadhiwa. La pili: anayegundua kitu cha namna hiyo sharti awaarifu Makumbusho ya Taifa mahali hasa alipokipata na namna alivyokipata, katika muda wa siku saba, na kitu chenyewe akikabidhi. La tatu: vitu vya kale vilivyomo ardhini ni mali ya serikali kwa niaba ya umma.

Mtu aweza kusema: “Hii ni sheria ya wanadamu, mimi nafuata sheria ya Mwenyezi Mungu.” Twasema: Amri ya mtawala isiyoamrisha maasia, na yenye maslaha ya watu wote, yapasa kutiiwa, na hilo nalo ni katika sheria ya Mwenyezi Mungu. Tena umekwisha ona kwamba Fiqhi haikukupa vitu hivyo. Ulitaka kuikimbia serikali uende kwa al-Minhaj, na al-Minhaj amekurudisha.

Na maslaha yenyewe ni yapi? Tutazame Shanga, katika kisiwa cha Pate. Kuanzia mwaka 1980 Mark Horton na wenzake walifukua pale polepole, tabaka kwa tabaka. Chini ya msikiti wa mawe wakakuta msikiti mwengine, na chini yake alama za misikiti midogo ya miti, wa kwanza wao ukiwa wa karne ya 8. Kwa hivyo imethubutu kwamba Uislamu ulikuwa umesimama katika pwani yetu tangu karne ya pili ya Hijra. Walijuaje? Kwa mashimo yaliyoachwa na nguzo za miti, kwa vigae vya vyungu, kwa vijisarafu vidogo vya fedha vilivyolala katika tabaka yake. Mashimo ya nguzo hayalii katika mashine yoyote! Lau angetangulia mtu na jembe akifuata mlio, angetoka na vijisarafu viwili vitatu vya kuuza kwa dalali kwa bei ya chakula cha siku moja, na ushahidi wa karne kumi na mbili ungekatwakatwa chini ya jembe lake, na yeye asijue kwamba palikuwa na kitu.

Mahali pa kitu ndipo ulimi wake. Kikiondolewa bila ya kuandikwa mahali pake, kimekatwa ulimi. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tisa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Akaziweka. Mwaka 1979 zilipochunguzwa, ikadhihirika kwamba tano kati yake ni sarafu za Kilwa, umbali wa bahari nzima! Mpaka leo wataalamu wahitilafiana zilifikaje huko. Lakini askari yule alikuwa ametia alama katika ramani, na kwa alama ile watafiti wakaweza kwenda mahali pale mwaka 2013. Alama moja ya kalamu ilikuwa na faida kuliko sarafu zenyewe.

Na anayedhani kwamba sheria hizi ni za kwetu tu, na asikie khabari za Uingereza, ambako watu wenye mashine hizi ni wengi. Huko sheria ya mwaka 1996 yampa aliyepata hazina siku kumi na nne za kuarifu. Kisha hazina ikinunuliwa na makumbusho, yeye na mwenye ardhi huweza kupewa tunzo. Mwaka 2009 ilipatikana hazina ya dhahabu katika shamba huko Staffordshire. Aliyeipata akaarifu, ikakadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya pauni milioni tatu, akagawana nusu kwa nusu na mwenye shamba. Mwaka 2015 watu wawili walipata hazina nyengine karibu na Leominster, ambayo yakadiriwa ilikuwa na sarafu kiasi cha 300 za zama za Waviking, pamoja na mapambo ya dhahabu. Hawa walificha, wakauza kwa siri. Mwaka 2019 walihukumiwa vifungo virefu, mmoja miaka kumi, na mwengine minane na nusu, ingawa baadaye vilipunguzwa. Sarafu zilizorudi ni kiasi cha thelathini tu, zilizobaki zimetawanyika. Ardhi ni za nchi moja, mashine ni za namna moja, na sheria ni moja. Kilichowapambanua ni uaminifu.

Wako wasemao: “Tukiipa serikali, kitu chetu kitafungiwa kabatini, au kitaibiwa na wakubwa.” Hatusemi kwamba hapana mlinzi mbaya. Lakini khiyana ya mlinzi haihalalishi khiyana yako. Kilichomo katika makumbusho ya Fort Jesus au ya Lamu, mwanao aweza kwenda kukiona na mwanachuoni aweza kukisoma. Kilichouzwa kwa dalali usiku kimekwenda bila ya jina, wala hapana atakayeweza kuuliza khabari zake. Pokea stakabadhi, andika tarehe, wachukue mashahidi wawili, na mlinzi umemfunga kwa maandishi.

FUNGU LA TANO: Adabu za mwenye mashine

Basi baada ya kukatazwa haya, kumebaki nini? Kumebaki mlango mzuri ulio wazi. Mtu aweza kutafuta vilivyopotea vya siku hizi, katika pwani na viwanja, kwa ruhusa na kwa adabu. Nazo adabu ni hizi.

Kwanza, aombe ruhusa kwa msimamizi wa mahali, na ruhusa iwe wazi. Kunyamaza kwa mlinzi wa lango si ruhusa.

Pili, afukie kila shimo alilochimba kabla ya kuhama. Shimo la pwani huvunja mguu wa mtoto na wa ng’ombe, na kuondosha cha kuudhi njiani ni katika tanzu za imani. Sembuse mtu kuweka udhia kwa mkono wake!

Tatu, taka zote anazozichimbua, misumari, vizibo, mikebe na ndoana, aziondoe. Asizirudishe mchangani. Huenda hii ikawa sadaka yake kubwa zaidi ya siku.

Nne, asipite baina ya watu waliokaa na jamaa zao, wala asiwasogelee wanawake waogao kwa kisingizio cha mlio.

Tano, asichimbe palipo na mayai ya kasa, wala katika mikoko, wala ukingoni mwa ukuta wa kale. Na akiona kigae, au mfupa, au ukuta chini ya mchanga, asimamishe jembe hapo hapo, atie alama, aarifu.

Sita, akiona chuma chenye sura ya bomu au risasi kubwa, asikiguse, awaondoe watu, awaite polisi.

Saba, asifanye kazi hii usiku kwa kujificha. Jambo linalohitaji giza limekwisha jihukumu lenyewe.

Nane, awe na daftari. Aandike siku, mahali, na kitu. Daftari ni shahidi wake mbele ya watu leo na ni ukumbusho wake wa hesabu ya kesho.

Na kwa kijana ambaye ana mashine na hana kazi, tunayo nasaha. Fiqhi imeweka mlango uitwao juala: mtu husema, “Atakayenirudishia kitu changu kilichopotea, nitampa kadha.” Ujira huu ni halali, madhali ni wenye kujulikana kiasi chake, na haustahiki mpaka kitu kifike mkononi mwa mwenyewe. Basi kijana na ajulikane katika mji wake na katika mahoteli kwamba yeye ni mtafutaji mwaminifu. Mgeni aliyepotewa na pete amwite, wapatane ujira mbele ya shahidi, atafute, ampe pete yake, apokee haki yake. Hiyo ni riziki safi, mashine ile ile, mchanga ule ule, lakini mwenye mali ameondoka akiwaombea watu wa pwani kheri badala ya kuwalaani.

KHITIMU

Yote tuliyoyasema yakusanyika katika masuala matatu, na tungependa wanafunzi wayahifadhi na wayarudie nyumbani kwao. Ikilia mashine, uliza: Nimesimama katika ardhi ya nani, na amenipa ruhusa? Kisha uliza: Kitu hiki ni cha aliye hai anayekitafuta, au ni cha waliokufa waliotuachia khabari? Kisha uliza: Nimpelekee nani, na kwa muda gani?

Akiwa hai mwenyewe, mtangazie. Wakiwa ni wazee waliokwisha tangulia, wahifadhie ushahidi wao palepale ulipo, na uwaarifu wenye kuujua. Wao hawawezi kuja mlangoni mwa msikiti kuzitaja alama za mali yao. Ardhi ndiyo inayowasemea, nasi ndio tuliobaki kuwa mashahidi wao. Na Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuzifikishe amana kwa wenyewe.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake tusihitaji haramu yake, na atuepushe na kula cha mtu tukijua au tusipojua. Wallahu a’lam.